Neno la Kumtoa Mzee Vitus

Ukimuulizia Mzee Vitus pale kijijini Pito, watu watakuonyesha kwa kidevu nyumba ya matofali ya kuchoma iliyo nyuma ya mikaratusi, kisha watacheka. Si kicheko cha furaha. Ni cha mtu aliyelikumbuka jambo ambalo hakupaswa kulicheka siku lilipotokea, na mpaka leo hajui alifanye nini.

Vitus alikuwa mkulima kama wenzake, wa mahindi na ulezi, na maharage kidogo kule bondeni. Lakini ungemwambia yeye ni mkulima angekutazama kama umemtukana. Yeye alikuwa mwalimu wa kwaya. Aliishika kwaya ya kigango akiwa kijana ambaye hata mahari hajaianza, akazeeka nayo. Nyimbo alizotunga akichunga ng'ombe wa baba yake zilifika Namanyere, zikafika hadi mpakani Kasesya, zikaimbwa na watu ambao hawakujua aliyezitunga ni nani. Harusi za Pito aliziimbisha yeye. Misiba aliiimbisha yeye. Mtu akikata roho alfajiri, ndugu walikuwa wanabisha kwa Vitus kwanza, kwa seremala baadaye.

Na alikuwa mkali. Mwimbaji akikosea sauti, Vitus hakumwita pembeni. Alisimamisha wimbo, akamnyooshea kijiti chake, akasema mbele ya wote: "Wewe chura, rudi kisimani." Watu walivumilia kwa sababu alikuwa na sikio. Katikati ya waimbaji arobaini alimjua aliyepotoka, hata kama amejificha nyuma ya nguzo.

Sikio hilo ndilo lililokwenda. Lilianza kuondoka baada ya homa moja kali iliyomlaza wiki nzima na madawa yaliyomwachia mlio kichwani kama nyenje wa jioni. Sikio la kushoto likafa kabisa. La kulia likabaki na ufa mdogo wa kupitisha maneno, kama mtu akisimama karibu na kusema kwa nguvu. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo, akaweka mkono juu ya spika ya kinanda ili aisikie kwa kiganja, akaanza kuwagombeza watu: "Ongeeni, msiongee na matumbo yenu!" Wakadhani ni ukali ule ule.

Aliyejua ni mmoja tu, mkewe Albina. Albina aliimba sauti ya pili, mstari wa mbele, na kwa siri akawa masikio ya mumewe. Wimbo ukipanda mno, anagusa kilemba. Ukishuka, anashika mkufu wa msalaba shingoni. Sauti zikiwa sawa, anakunja mikono tumboni. Waliishi hivyo miaka, na nyumbani hawakuwahi kulizungumza, si kwa Kiswahili wala kwa Kifipa. Siku moja Albina alijaribu kusema, "Baba Edith, twende hospitali wakakutazame," akajibiwa, "Wakanitazame nini? Wewe imba."

Kwaresima ile mambo yaliharibika.

Walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo mpya wa Pasaka, ambao Vitus aliutunga mwenyewe. Sehemu ya pekee alipewa Kristiana, mama wa watoto watatu, muuza mboga, mwenye sauti ambayo hata walevi wa kilabu cha jirani waliacha vikombe kuisikiliza. Kristiana aliimba. Aliimba vizuri. Albina alikunja mikono tumboni. Vitus alimtazama mkewe, akaiona ile mikono, kisha akasimamisha wimbo.

"Kristiana, hiyo ni sauti au bawaba ya mlango? Unalia kama mlango wa choo. Ondoka hapo mbele."

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Kama hujui ulipokosea ndiyo ubaya wenyewe. Rudi nyuma. Nitatafuta mtu."

Kristiana alirudi nyuma huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga, na mazoezi yakaendelea kanisa zima likiwa limenuna. Nje, mpiga kinanda, kijana aliyeitwa Calvin, aliwakusanya wenzake nyuma ya kanisa. Calvin huyu alifundishwa na Vitus tangu vidole vyake havifiki kwenye funguo. Sasa alikuwa anaendesha bodaboda mjini Sumbawanga na kuvaa miwani ya jua hata siku za ukungu.

"Washikaji, mzee hasikii," alisema. "Mimi nimemchunguza. Jumapili nilizima kinanda katikati ya wimbo, hakugeuka."

"Acha uongo."

"Tumpime basi. Jumamosi. Tuchezeshe midomo tu. Asiwepo wa kutoa sauti."

Wengine walisema ni dhambi. Wengine walisema dhambi ni kumwita mama wa watu mlango wa choo. Mwisho wakakubaliana, na neno likapita nyumba hadi nyumba, likafika hata kwa Albina. Albina alikuwa anapepeta ulezi. Aliyemletea habari alisubiri akatazwe, au aambiwe atasemewa kwa mwalimu. Albina aliendelea kupepeta.

Jumamosi alasiri upepo wa milima ya Mbizi ulikuwa unagonga mabati. Vitus aliingia na koti lake jeusi la sikukuu, akapanga waimbaji, akainua kijiti. Calvin akaweka vidole juu ya kinanda kisichowashwa. Kijiti kikashuka.

Midomo arobaini ikafunguka.

Kumbuka kwamba wimbo ule ulikuwa wake. Kila noti aliitafuta mwenyewe, akiwa shambani, akiwa kitandani. Kwa hiyo midomo ilipofunguka, yeye aliusikia. Aliusikia mzima, kichwani, bila ule mlio wa nyenje, bila kujikaza kuutafuta. Sauti ya kwanza ikapanda kama moshi siku isiyo na upepo, besi zikatembea chini yake taratibu, na ile ya pili, ya Albina, ikapita katikati. Alikuwa hajaisikia kwaya yake hivyo tangu masikio yake yalipokuwa mazima. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini.

Alimtafuta Albina mstari wa mbele. Albina alikuwa anatazama sakafu. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumba pamoja na wenzake, na mikono yake ilikuwa imening'inia tu ubavuni, haisemi chochote.

Wimbo ulipokwisha, Vitus alishusha kijiti na kupumua.

"Hivyo," alisema. "Hivyo ndivyo watu wanavyoimba. Leo mmenifurahisha. Ila besi, pale mwisho mnavuta kidogo. Punguzeni."

Hapo ndipo walipopasuka. Wengine walishika mabenchi wasianguke. Mama mmoja mzima alikaa chini sakafuni. Vitus aliwatazama, akiona meno na mabega yanayotikisika.

"Mnacheka nini?"

Calvin akasogea hadi kwenye sikio lake la kulia. "Tumefurahi, mwalimu! Umetusifu!"

Naye Vitus akacheka nao. Alicheka kwa moyo, akampiga Calvin begani, akasema ukali wake mara nyingine ni mapenzi, wasimchukie. Kristiana peke yake, kule nyuma, hakuwa akicheka. Alikuwa ameacha kuchezesha mdomo tangu alipoona machozi ya mzee, akatoka nje.

Kuna aliyeegesha simu juu ya benchi na kurekodi yote. Video ile ilitembea. Ilikwenda mjini, ikaenda Namanyere, ikarudi. Na kwa kuwa ukatili ukishaonja damu haushibi, mtu mmoja alimtumia Vitus mwenyewe, na chini yake akaandika: Hongera mwalimu, kwaya imekubali.

Vitus aliitazama mara nyingi. Simu kwake siku zote ilikuwa kitu kisichotoa sauti, kwa hiyo hakushangaa. Aliona mikono yake ilivyokwenda vizuri. Aliona hata machozi yake, akaona haya kidogo, lakini haya ya kupendeza.

Wiki iliyofuata alikwenda mjini kuchagua vitenge vya sare ya Pasaka. Aliingia duka la Mwantum, mama wa Kiislamu aliyewauzia vitambaa wanakwaya wa Sumbawanga nzima tangu alipolirithi duka kwa baba yake. Mwantum alikuwa hajaiona ile video. Alimheshimu Vitus, naye Vitus alipenda kununua kwake kwa sababu alisema maneno kwa kuyatamka.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba, Mwantum. Nipe kitenge cha Pasaka, lakini kiwe cha maana. Safari hii kwaya yangu siyo ya kuvaa matambara. Ngoja uone." Akatoa simu, akaifungua video, akamkabidhi. "Sikiliza hiyo. Halafu uniambie kama pale parokiani mjini wapo wanaotufikia."

Mwantum aliishika simu kwa mikono miwili kama kitu cha ibada. Akatazama. Akaongeza sauti. Akaiweka sikioni. Uso wake ukabadilika, akaipigapiga simu kiganjani.

"Mzee Vitus, simu yako spika imekufa?"

"Unasemaje?"

"Spika!" Akajaribu tena, na safari hii akasikia. Alisikia upepo ukigonga mabati. Alisikia benchi likilia. Alisikia mtu karibu na simu akibana kicheko puani. Halafu akasikia sauti ya Vitus mwenyewe, ikinguruma polepole, "mm, mm, juu, juu, haya shukeni." Basi. Hakuna kingine.

Mwantum hakuwa mtu mbaya. Laiti angeelewa kwa wakati, angesema, "Mashallah, mnaimba vizuri," na kumkatia kitenge. Lakini akili yake ilikuwa bado kwenye simu.

"Mzee, hapa hakuna wimbo."

"Eeh?"

"Nasema hakuna wimbo!"

"Sogea huku. Sema."

Ikabidi apige kelele, na mlangoni walikuwepo wateja. "Hawaimbi, mzee! Wanachezesha midomo tu! Sauti ni ya kwako peke yako!"

Mteja mmoja, kijana, alinyoosha shingo akaitazama ile simu. "Aa, huyu ndiye yule babu!" akasema, akacheka hadi akashika mlango.

Mwantum aligeuka kumtazama kijana, akamgeukia Vitus, na hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Aliweka mkono mdomoni. Vitus alikuwa anatazama video mikononi mwa Mwantum. Ilikuwa imefika pale anapofuta kamasi na kusema hivyo ndivyo watu wanavyoimba. Aliichukua simu yake taratibu, akaifunga ndani ya leso, akatoka. Mwantum alimwita kwa jina hadi barabarani. Bila shaka hakusikia.

Hakupanda bodaboda. Alitembea hadi Pito, akipishana na watu waliomsalimia, na kila aliyefungua mdomo alimwona anachezesha tu.

Albina alikuwa jikoni. Vitus alisimama mlangoni, akaziba mwanga.

"Na wewe ulikuwa huimbi."

Albina hakujifanya haelewi. Aliweka mwiko chini, akasogea kwenye sikio lake zuri. "Sikuimba."

"Uliniona nalia."

"Nilikuona."

"Mkono wako ulikuwa wapi? Kilemba chako kilikuwa wapi? Miaka yote hii, siku ile ndiyo mikono ilikatika?"

"Nilikupa mkono siku ya Kristiana," alisema Albina. "Nilikukunjia mikono nikikuambia yuko sawa. Uliniona, baba Edith. Ulinitazama machoni, ukaiona, halafu ukamwita mlango wa choo. Ulijua wewe ndiye usiyesikia, ukamwadhibu yeye. Basi nikasema, kama huyu masikio yangu hayataki, ayatumie ya kwake."

Vitus alimtazama mdomo hadi neno la mwisho. Hakumpiga, hakuwa mpigaji. Alikwenda kukaa uani, na chakula cha jioni kikapoa.

Wazee wa kigango walikuja Jumatano, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Stanley, aliyewahi kuwa karani wa halmashauri na aliyependa maneno laini. Alikuja na Calvin nyuma yake. Waliketi sebuleni, wakasema Tumsifu Yesu Kristo, wakajibiwa Milele amina. Stanley akaanza kwa sauti ya kawaida, akagundua haifiki, akapandisha. Akapandisha tena. Mwisho ikabidi apige kelele, na majirani wakaacha majembe wakasimama kusikiliza.

"Mwalimu! Tunaona wakati umefika wa wewe kustaafu!"

"Kustaafu?" Vitus alikuwa mtulivu, utulivu wa kutisha. "Anayestaafu ni mwenye ajira, Stanley. Wewe ulistaafu. Mimi nani aliniajiri?"

"Basi tuseme kupumzika! Upumzike, mzee!"

"Aliyepumzika hapa Pito yupo pale nyuma ya kanisa, na mimi ndiye niliyemwimbia. Umeona nimekufa?"

Stanley alijifuta jasho ingawa siku ilikuwa ya baridi. "Kung'atuka, mwalimu! Lile ni neno la heshima! Viongozi wakubwa hung'atuka!"

"Anayeng'atuka ni yule ambaye watu bado wanamtaka, naye mwenyewe anasema imetosha. Mnanitaka?"

Nje, jirani mmoja alikohoa.

"Nimekuuliza, Stanley. Mnanitaka?"

"Au kujiuzulu," aliingilia Calvin. "Aandike tu anajiuzulu."

Vitus alimtazama kijana huyu ambaye yeye mwenyewe alimshika vidole akavipanga kwenye kinanda. "Anayejiuzulu amefanya kosa, au ameona kosa akalikataa. Mimi nilikosa kwa Kristiana, na kwake nitakwenda. Kwenu nyinyi nilikosa nini?"

Stanley alikuwa amechoka, na koo lilianza kumuuma. Akalitupa la mwisho. "Jitoe basi, mzee! Jitoe tu kwa amani!"

Vitus akatabasamu. Waliokuwepo wanasema hicho ndicho kilichowaumiza kuliko yote, lile tabasamu.

"Kujitoa," alisema. "Hilo nililifanya zamani. Nilijitoa nikiwa kijana. Nimejitoa mvua na jua, nikaacha palizi yangu nikazike watoto wenu. Watu wote hapa walikuwa wananisifu, Vitus anajitoa, Vitus anajitoa. Leo neno ni lile lile, mnaniambia nijitoe niende. Lugha hii ni mbaya, Stanley."

"Sasa unataka tusemeje?"

"Semeni mmenifukuza. Simama mbele ya watu Jumapili useme, tumemfukuza Vitus kwa sababu hasikii na kwa sababu tulimcheka. Nitatoka bila kuwasumbua."

"Hatuwezi kusema hivyo kanisani!"

"Mliweza kulifanya kanisani."

Waliondoka bila kunywa chai. Na Vitus alisema kweli kuhusu Kristiana: jioni ile alikwenda gengeni kwake, akasimama mbele ya mafungu ya mchicha, akamwomba radhi. Lakini aliomba kama alivyoishi. Alisema maneno yake, akageuka, akaondoka kabla Kristiana hajafungua mdomo, kwa sababu hakutaka kumwona mtu mwingine akichezesha midomo mbele yake. Kristiana alibaki na jibu lake.

Jumapili ya kumuaga, ambayo wazee waliipanga bila yeye kukubali, kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Watu waliokuwa wameiona video walitoka hata vijiji vya mbali waje kumwona mwenyewe. Waliweka meza mbele, juu yake blanketi zito la zawadi, na pembeni yake kiti kipya cha kuegemea. Padri, ambaye alikuwa mgeni na aliandikiwa la kusema, alisoma kwa uchangamfu. Vitus alikaa mstari wa kwanza akiutazama mdomo wa padri, ajue ni neno gani wamelichagua. Maneno mengi yalimpita. Lakini alishika mawili, maana midomo ya padri yule ilikuwa mipana: "ameomba," na baadaye kidogo, "hiari yake."

Alimgeukia Albina. "Amesema nimeomba?"

"Wanakushukuru," Albina alimwambia sikioni. "Kaa."

Hakukaa. Alisimama, akageuka kuwatazama watu, akainua mkono. Alisema kwa sauti yake yote. Alisema hakuomba. Alisema hakustaafu, hakung'atuka, hakupumzika, ametolewa kama mbwa aliyeingia kanisani, na waliomtoa wako pale mbele na sare walizochagua bila yeye. Alisema majina. Alisema mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Asichojua ni kwamba aliposimama tu, Calvin aliona hatari ikija, akakipiga kinanda kwa nguvu zote, na ngoma zikaingia, na kwaya ikaanza. Safari hii waliimba kweli. Waliimba kwa mapafu yao yote wimbo wake wa shukrani, mabati yakatetemeka. Neno lake hata moja halikufika benchi la pili. Watu waliona mzee amesimama, mkono juu, mdomo wazi, machozi yanamtoka, wakaamini anaimba nao kwa furaha. Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akatoka akamfunika lile blanketi mabegani, na watu wakampigia makofi.

Alipomaliza kusema, aliwaona wanampigia makofi. Alidhani wamesikia. Alidhani wanapiga makofi kwa yote aliyoyasema, majina na yote, na bado wanacheka. Alikaa chini ndani ya blanketi. Albina alijua kilichotokea, na hakumweleza siku ile wala siku nyingine.

Tangu siku hiyo Vitus hakukanyaga kanisani. Wenye midomo wakasema ametawa, amekuwa mtawa wa mikaratusi. Hilo halikumuuma, halikumfikia. Lakini mwenye jeraha hutafuta mtu wa kugawana naye, na wa karibu alikuwa mmoja. Jumamosi iliyofuata, Albina alipofunga kilemba kwenda mazoezini, Vitus alikuwa amekaa kwenye kile kiti kipya, mlangoni, miguu imenyooshwa.

"Unakwenda wapi?"

"Kwaya."

"Wewe umestaafu," alimwambia. "Tulianza pamoja, tumestaafu pamoja. Au unataka neno lingine? Yapo mengi, chagua."

Albina alisimama. Alimwambia sikioni kwamba kuimba ndicho kitu chake pekee. Watoto wamekwenda, Edith yuko Namanyere na ndoa yake, shamba linamla mgongo, lakini Jumamosi na Jumapili yeye ni mtu. Alimwomba. Alipiga hata magoti, mwanamke wa umri ule. Vitus alimtazama mdomo mpaka mwisho, akaelewa kila neno, kisha akasema, "Sisikii."

Huo ndio ukawa mtindo. Kila Jumamosi kiti kilikuwa mlangoni. Albina aliacha kwenda. Kwanza aliacha kuuliza, kisha akaacha kufunga kilemba. Sauti ya pili ikayumba, maana wenzake walikuwa wanamfuata yeye. Vitus aliambiwa, na siku hiyo alikula vizuri.

Jubilei ya parokia ilipokaribia, Kristiana alikuja. Alimkuta mzee uani akipukuchua mahindi, na Albina akichochea moto mlangoni mwa jiko. Kristiana aliamkia, akachuchumaa, akasema kwa kuinama karibu na sikio la kulia, wala hakusema kwa shida, "Mwalimu, nimekuja kumwombea mama Edith arudi. Bila yeye hatuwezi jubilei."

Vitus alisikia. Alikuwa amekaa vizuri, upepo ulikuwa umetulia, na Kristiana alikuwa na sauti ile. Ilimwingia nzima. Kwa muda mfupi uso wake ulilegea, kama mtu aliyepigwa na harufu ya chakula cha mama yake.

Kisha akasema, "Paza sauti, mama. Sisikii."

Kristiana akarudia kwa nguvu.

"Bado."

Kristiana akasimama, akapiga kelele hadi watu wakatokeza kwenye mabomba ya maji. "Naomba mama Edith arudi kwaya! Mimi nilikusamehe siku ile ile gengeni! Nakuomba!"

"Mara nyingine tena, mama. Masikio yangu yamestaafu."

Alimfanya apige kelele mara ya nne, mpaka ile sauti aliyoiita bawaba ikakatika kweli na kukwaruza, watoto wa jirani wakaanza kumwigiza. Ndipo Vitus akapukuchua punje za mwisho za gunzi mkononi na kusema, taratibu kabisa, "Nilikusikia tangu mwanzo. Jibu ni hapana."

Albina aliinuka jikoni. Alifuta mikono kwa khanga. Hakumsogelea mumewe, hakupandisha sauti. Aligeuza uso pembeni, kuelekea mikaratusi, Vitus asiuone mdomo, akamwambia Kristiana kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Nenda, mwanangu. Waambie wasinitafutie mtu wa kunibadili. Siku huyu atakayokufa nitarudi, na yeye ndiye nitakayemwimbia kwanza, na nitaimba kwa furaha."

Kristiana alishika kifua. Vitus aliona mkono ule unapanda, akaona mgongo wa mkewe, akajua neno limesemwa. Akamtazama mgeni.

"Amesemaje?"

Kristiana aliinama mpaka kwenye sikio la kulia.

"Amesema chakula tayari, mwalimu."

"Eeh," alisema Vitus. Akajikung'uta maganda ya mahindi, akanyanyuka, akaenda kunawa mikono.